Viumbe Wasiohama

Jumatatu asubuhi Mwalimu Matope alimwaga udongo ndani ya sanduku la kioo lililojaa maji, akawaambia wanafunzi wake wakae kimya watazame unavyotua. Mchanga ulianguka kwanza, tope likafuata taratibu, na ule udongo mwembamba kabisa ukabaki unaelea kama mtu asiye na pa kwenda. Chuo cha wizara kilimpa chumba cha chini, chenye sakafu ya saruji na mlango unaotokea moja kwa moja kwenye maegesho ya magari, bila hata ngazi moja. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wapimaji na maofisa, wengine wametumwa kozi ili wakubwa wao wapate kupumua. Jina la Matope walimpa wao, kwa kuwa alifundisha mashapo, yaani lile tope ambalo mito hulibeba kutoka nchi kavu na kulilaza chini ya bahari. Hakulichukia jina hilo. Alishaitwa mabaya zaidi kwenye vikao.

Somo la siku hiyo lilikuwa rafu ya bara. Nchi haiishii ufukweni, aliwaeleza. Inaingia chini ya maji, inakwenda tambarare, halafu inateremka mpaka kwenye mguu wa mteremko, na hapo ndipo hesabu zinapoanzia. Nchi ikithibitisha kwamba ardhi yake inaendelea huko chini bila kukatika, na kwamba mashapo yaliyolala huko ni manene vya kutosha, inaruhusiwa kusogeza mpaka wake hata nje ya maili mia mbili za bahari. Wizara ilikuwa inaandaa madai ya namna hiyo, na kozi nzima ilikuwepo kwa ajili hiyo.

Alikuwa amefika kwenye mguu wa mteremko pale mlango ulipofunguka akaingia mdogo wake, ambaye alikufa maji mwaka juzi.

Alivaa ovaroli ya meli ya utafiti, na maji yalikuwa yanamchuruzika. Alitembea kwa kuburuta miguu bila kuinua hata mmoja, akaacha michirizi miwili ya tope tangu mlangoni. Mwanafunzi aliyekaa karibu aliondoa mkoba wake sakafuni usilowe. Mwingine alisogea kumpisha kwenye benchi la nyuma. Mwalimu aliimaliza sentensi yake, maana ilikuwa imebaki nusu, kisha akaenda akamshika mikono. Ilikuwa baridi sana. Akalia, na wanafunzi wakainamia madaftari yao mpaka alipomaliza.

Kijana huyo alikuwa anashusha vifaa vya kupimia kina kutoka meli ya wizara, mbali kabisa, nje ya mpaka wa wakati ule. Waya ulikatika ukaondoka naye. Ofisi ya kuandikisha vifo ilisema hakufia nchini, basi iulizwe wizara. Wizara ikasema vifo si kazi yake, iulizwe ofisi. Mwalimu alipigwa danadana mpaka makarani wakawa wanamjua kwa sauti ya viatu. Na bila cheti cha kifo, msimamizi wa makaburi hakuruhusu kuchimba. Mama yao, aliyekaa ghorofani na miguu yake haikuwa tena ya kutegemewa, alitaka jambo moja tu, mwanawe alazwe kando ya baba yake, na yeye ashuhudie kwa macho yake. Mpaka hapo hakuwa tayari kumlilia. Alikuwa akimwekea sahani mezani na kuiosha baadaye.

"Dada, nipeleke nyumbani," mdogo wake alisema. "Nimechoka kulala kwenye tope."

Kipindi kilipokwisha alimshika mkono wakavuka maegesho polepole, yeye akipunguza hatua, mdogo wake akiburuta. Getini askari aliwazuia. Kitu chochote kinachotoka chuoni hukaguliwa, hata mwavuli. Askari alimzunguka yule kijana mara moja, akaitazama michirizi ya tope, akasema jambo hili limemzidi kimo, akamwita Wakili.

Wakili ndiye aliyefundisha sheria baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu mpole, sauti yake nzuri, na wanafunzi walimpenda. Wiki iliyopita aliwafundisha kwamba nchi ina haki juu ya mafuta, gesi na mawe yaliyoko kwenye rafu yake, na pia juu ya viumbe wasiohama, yaani wale wasioweza kusogea bila kugusa sakafu ya bahari muda wote, kama chaza, kome na jongoo bahari. Samaki hayumo, kwa kuwa anaogelea. Darasa lilibishana juu ya kaa mchana kutwa, hadi wapimaji wawili wakanuniana.

Wakili alichuchumaa. Alimwomba kijana ainue mguu, akajaribu, ukakataa. Alimwomba atembee, akaburuta. Safari hii hakuna aliyebisha.

"Samahani, Mwalimu," Wakili alisema, na uso wake ulionyesha kweli anasikitika. "Huyu ni wa rafu. Hawezi kuchukuliwa na mtu yeyote bila ruhusa ya wizara."

Mwalimu naye hakuwa wa kuchezewa. Akamwambia, "Vizuri. Kama ni wa rafu yetu, basi alifia kwetu. Andikeni hivyo, nikamzike."

Wakili alivua miwani akaifuta. "Rafu ni sakafu na kilicho chini yake. Maji ya juu, kule mbali, si yetu, ni ya dunia nzima. Yeye alifia kwenye maji. Alipofika chini, alikuwa ameshakufa."

Askari alifunga geti. Mwalimu alisimama pale akiwa amemshika mdogo wake mkono, na uchungu alioupata haukuwa wa kushindwa tu. Ile sheria aliijua. Nusu yake alikuwa akiifundisha mwenyewe.

Kijana akabaki darasani. Mkurugenzi wa chuo alisema ombi la kumtoa litafikiriwa baada ya mpaka mpya kukubaliwa, akaagiza awekewe taulo. Siku ya pili Mwalimu alimsaidia kukamua ovaroli, na mifukoni mkakutwa tope. Lilikuwa jekundu. Alilisugua kati ya vidole akalijua papo hapo, maana kwenye vilima vya udongo huo ndiko walikozaliwa, na mvua ililiondoa shamba la baba yao huku wao wakitazama wamesimama kwenye mlango wa jikoni. Mto ulilipeleka lote baharini. Sasa mwana wa mwenye shamba amelirudisha mifukoni.

Angeweza kulimwaga uani asimwambie mtu. Lakini alijua thamani yake. Tope hilo, kutoka mahali pale, lilionyesha kwamba nchi inaendelea mpaka chini ya mgongo wa mdogo wake, na wizara haikuwa na ushahidi mzuri kama huo. Akalipima, akaandika taarifa, akaipeleka kwa Mkurugenzi kwa mkono wake. Alijiambia mpaka ukishapita pale alipolala, atakuwa amelala nyumbani, na hata wizara ina aibu. Watu waliosomea mipaka huamini kwamba mstari ukisogea kwenye ramani, na mambo mengine yote yatasogea.

Mama aliletwa wiki hiyohiyo. Wanafunzi walimbeba na kiti chake ngazi zote za ghorofa yake, wakamshusha kando ya benchi la nyuma.

"Shikamoo, mama," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Alimkausha kichwa kwa taulo, maji yakarudi, akamkausha tena. Tangu hapo hakukosa kipindi. Alikaa naye, akasikiliza habari za miteremko na mashapo, na siku moja akanyoosha mkono kuuliza: kama udongo wa kilimani kwao ukifika kule ni wa nyumbani, mbona mtu wa kilimani akifika kule si wa nyumbani? Wakili alisema hilo ni swali zuri sana, watalirudia. Hawakulirudia.

Miguu ya mama ilionekana kupata nafuu. Aliacha kubebwa kutoka teksi hadi darasani. Aliburuta nyayo sakafuni kama mwanawe alivyofanya, akasema hivyo haimuumi sana, na binti yake alifurahi kumwona anatembea, kwa vyovyote vile.

Madai yalikubaliwa kabla mvua hazijaisha. Wizara ilifanya tafrija palepale darasani, soda na keki, ramani mpya ukutani na mstari mwekundu uliosogea mbali baharini. Mkurugenzi aliwashukuru wapimaji, akamshukuru Wakili, akamshukuru na "kijana wetu pale nyuma". Watu wakapiga makofi. Kijana aliinamisha kichwa, maji yakamdondokea magotini.

Mwalimu alimfuata Mkurugenzi, aliyekuwa bado na glasi mkononi, akamkumbusha ahadi. Mkurugenzi alitafuta mahali pa kuiweka ile glasi, asipate.

"Yeye ndiye ushahidi wetu, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Tukimtoa, kesho jirani zetu watauliza nchi yetu inaishia wapi."

"Na cheti cha kifo?"

"Mpaka umesogea mwaka huu. Yeye alikufa mwaka juzi."

Mwalimu aliutazama ule mstari mwekundu ukutani. Tope lile alilipeleka yeye. Mama alikuwa amekaa karibu na alisikia kila neno. Alimaliza keki yake, akamfuta mwanawe mikono, akamwambia binti yake amsindikize getini, teksi imefika.

Wakavuka maegesho jioni hiyo, na nyuma ya mama kukawa na michirizi miwili ya tope jekundu, ingawa maishani mwake hakuwahi kufika baharini. Askari aliitazama. Kwa heshima zote akamwomba mama ainue mguu.

"Hauinuki, baba," mama alisema.

Mwalimu hakuwahi kujua kama haukuinuka kweli au mama hakutaka. Wakili aliitwa kutoka kwenye tafrija. Alichuchumaa, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasimama bila kumtazama mtu usoni. "Pole, mama," alisema. Mama akamjibu asante, akageuka, akaburuta nyayo kurudi darasani kwa mwendo wa haraka ambao binti yake hakuwa amemwona nao kwa miaka mingi. Mwanawe alishasogea kumpisha upande mkavu wa benchi.

Mwalimu aliwafunika shuka moja wote wawili. Alikusanya vikombe, akafuta ubao, akazima taa, akavuka maegesho peke yake. Alipofika getini askari hakumtazama usoni, alitazama chini. Mwalimu Matope akauinua mguu wa kulia juu, akaushikilia hapo mpaka auone vizuri, akaushusha, kisha akauinua wa kushoto, na askari akamfungulia.