Kulenga kwa Masikio

Siku za Alhamisi mume wangu Milisav hakupenda kuniacha nyumbani peke yangu, kwa hiyo alinichukua kwenda naye kulenga shabaha, kama mtu anavyobeba mwavuli siku isiyo na mvua. Macho yangu yalizimika polepole. Nilikuwa bado fundi wa kola katika kiwanda cha mashati yalipoanza, na mwishowe nikabaki kutofautisha dirisha na ukuta tu. Baadaye hata hilo likaenda zake.

Ukumbi wetu uko chini ya shule ya sekondari. Mji ni mdogo, na majira ya baridi, kingo za mto zikishaganda, mtu hana pa kwenda ila kanisani, mkahawani au humo chini. Mimi nilikaa karibu na jiko la kuni, nikafuma soksi, nikachemshia watu kahawa. Nilipapenda, sitaki kusema uongo. Bunduki ya upepo hailipuki; inapiga kofi dogo, pa, kisha kirisasi kinagota kwenye bati nyuma ya karatasi. Nilifika mahali nikamjua kila mtu kwa pumzi yake. Spomenka, mfamasia, alinyamaza kabisa kabla ya kufyatua. Dragutin mwenye bucha alihema kama ng'ombe anayepanda mlima. Mume wangu alijisemea "sasa, sasa, sasa", na ndiyo maana hakuwahi kupiga vizuri.

Jioni moja Dragutin akamwandama.

"Milisav, ndugu yangu, kwa ulengaji huo sungura watakujengea sanamu! Hata shemeji Grozdana pale karibu na jiko angekushinda."

Watu wakacheka. Nikaweka soksi pembeni.

"Basi nipeni bunduki," nikasema.

Kicheko kikakatika. Nilisikia kuni zikialika ndani ya jiko.

"Acha, mama," Milisav akaninong'oneza. "Watu watatucheka."

"Wameshacheka. Kimebaki nini?"

Tihomir, mwenyekiti wetu, mstaafu wa reli, akakohoa. "Shemeji, usinielewe vibaya. Anayefyatua lazima aione shabaha. Kukitokea jambo hapa, atakayeulizwa ni mimi."

Hakuwa mtu mbaya, Tihomir. Alikuwa ameishi maisha yake yote na treni, na treni hazitaki mzaha.

"Mwenyekiti," Spomenka akasema, "wako wasioona wanaolenga. Nimewakuta mashindanoni huko Hungaria. Wanalenga kwa masikio."

"Na kusikiliza wanasikiliza kwa pua?" Dragutin akauliza.

"Wewe kauze soseji zako."

Nilirudi kwenye soksi zangu. Nilidhani habari imeishia hapo, nami nikajiambia nisiwe na kinyongo, maana hawa walikuwa watu walionipa kiti karibu na moto bila kuniuliza nimekuja kufanya nini. Lakini Spomenka si mtu wa kusema neno akaliacha barabarani. Alipiga simu, akaandika, akapiga tena. Wiki kadhaa baadaye nilisikia fimbo ikishuka ngazi zetu, tak, tak, tak, bila kusita. Nyuma ya fimbo hiyo alikuwapo Tivadar, Mhungaria, haoni hata kidogo, amekuja kwa basi na sanduku refu.

Tihomir alimkimbilia ili amshike mkono.

"Bwana, mkono wako nzuri sana," Tivadar akasema kwa lugha yetu iliyovunjikavunjika, "lakini shika sanduku. Sanduku ndiyo zito."

Nikampenda papo hapo.

Sandukuni mlikuwa na bunduki ya upepo yenye darubini ya ajabu. Darubini hiyo inaitazama shabaha badala ya jicho, na mwanga inaouona inaugeuza kuwa mlio kwenye hedfoni. Ukiwa mbali na kitovu, mlio ni mnene. Ukikaribia, unapanda na kuwa mwembamba. Mtutu umeegemezwa kwenye kigingi chenye springi, na msaidizi anakaa kando yako kupakia na kukuambia umepiga wapi. Hayo tu. Wakaimulika shabaha kwa taa kali, Tivadar akaomba kahawa, akainywa yote bila haraka, akaketi, akafyatua, akafyatua tena, na tena.

Dragutin ndiye aliyekwenda kuitazama karatasi. Alikaa huko muda.

"Mama yangu!" akasema. "Zote zimeingia tundu moja. Kidole changu kinapita."

Kisha Tihomir akaja mpaka nilipoketi, akaniambia kwa sauti ya chini, karibu kwa aibu, "Njoo, shemeji. Nafasi yako ni ya katikati."

Walinivalisha hedfoni. Miaka mingi dunia yangu ilikuwa inaishia mkono wangu unapofika. Kila kilicho mbele ya hapo nilisimuliwa tu: mama, kuna gari, mama, mti umechanua. Sasa kitu kilichokuwa mita kumi kutoka kwangu kilikuwa kinanijibu. Nikisogeza bega, kinapanda. Nikipumua, kinashuka. Nikikosea, kinaniambia papo hapo, bila kunihurumia. Nilisahau kufyatua. Nilikuwa nakisikiliza tu, machozi yananitiririka, mpaka Tivadar akaniuliza kama nimelala.

Nikafyatua. Sikusikia bati likigota.

"Mbao ya ukutani imekufa!" Dragutin akatangaza. "Mungu airehemu!"

Nilicheka hadi nikapaliwa. Hakuna aliyewahi kunitania hivyo tangu nipoteze macho.

Tivadar aliondoka kesho yake bila sanduku. "Sisi nayo mbili," alituambia. "Moja lala kabatini. Kabatini hakuna mashindano."

Akawa msaidizi wangu Milisav. Nani mwingine? Alipakia, akaniambia nimepiga duara la ngapi, kumi likiwa la kitovuni, na upande gani kwa kufuata uso wa saa: saba, saa tatu; nane, saa kumi na mbili. Nikaendelea vizuri. Niliendelea vizuri mno. Kila Alhamisi nilikuwa nasikia nane, tisa, nane, na moyo wangu ukaanza kuwa na wasiwasi.

Siku moja nilifyatua wakati mlio ulikuwa umeanguka kabisa. Springi iliteleza, nilijua mimi mwenyewe kwamba nimeharibu.

"Nane," Milisav akasema. "Saa mbili."

Nikavua hedfoni. "Milisav, rudia."

"Nane."

"Mlio ulikuwa chini nilipofyatua. Usiniongopee."

Nilisikia akikunja karatasi.

"Tatu," akasema mwishowe.

"Na zile zilizopita?"

"Nyingine zilikuwa nzuri, mama. Nyingine... niliongeza kidogo."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unafurahi. Nyumbani huna furaha. Huku ukisikia nane unanyooka mgongo kama msichana. Ningeanzaje kukuambia tatu?"

Nilikasirika hadi mikono ikaniuma. Tulirudi nyumbani bila kuzungumza, ameshika kiwiko changu, theluji inalia chini ya viatu. Kwenye lango letu nikasimama.

"Wewe ndiye unayeniambia kama supu ina nywele," nikamwambia. "Kama kola yangu imekaa upande. Kama jirani ananitazama kwa huruma. Yote nakuamini kwa sababu sina njia nyingine. Sasa nimepata kitu kimoja ninachoweza kukihakiki kwa masikio yangu, na wewe ukakipaka asali. Niambie tatu, Milisav. Tatu ni yangu. Nane uliyoniongezea ni ya nani?"

Alhamisi iliyofuata alikaa kando yangu, akasoma: "Nne, saa moja." Kisha: "Mbili. Saa sita. Mbovu kabisa, mke wangu." Nikasogeza kiwiko kidogo, kama Tivadar alivyonifundisha. "Tano," akasema. "Tano tena. Saba." Aliposema saba nilijua ni saba, kwani tulikuwa tumepita njia yote ya mbili na nne pamoja. Nikamshika mkono nikamwambia ahsante. Akadhani namshukuru kwa ile saba.

Hata Tihomir alibadilika, kwa namna yake ya kireli. Alifunga kamba nene ukutani toka mlango wa juu mpaka kiti changu, na ole wake aliyetundika koti juu yake. Aliwakataza watu waliozoea kurundika kuni njiani. Alimwomba mkuu wa shule atufungulie na Jumanne pia, na alipoulizwa kwa nini, akajibu kwamba kuna wanachama wanaohitaji utulivu ili wasikie. Mimi nikashuka Jumanne hizo peke yangu, mkono kwenye kamba. Milisav alibaki kwanza juu barabarani akijifanya anavuta sigara, kabla ya kunifuata kupakia. Alikuwa ameacha kuvuta zamani. Nilimwacha ajifanye.

Mashindano nilikwenda mara moja, mji wa jirani, nikamshinda mtu mmoja tu. Dragutin alisema huyo mmoja nimwandikie barua ya shukrani. Usiku ule tulikula nyama ya kuchoma buchani kwake, na rakia, pombe kali ya matunda, ikapita mezani hadi Spomenka akaimba.

Majuzi akaja Jagoda, kutoka kijiji cha juu mtoni. Kaka yake alimleta. Macho yake yanakwenda kama yangu yalivyokwenda, ila yeye ni kijana bado. Aliketi karibu na jiko, mikono mapajani.

"Mimi nimesindikiza tu," akasema.

"Hata mimi nilisindikiza tu," nikamwambia. "Njoo hapa, mwanangu."

Nilimvalisha hedfoni, nikamwekea bega kwenye kitako cha bunduki, nikakaa nyuma yake. Alisogeza bega taratibu, huku na huku. Kisha akashtuka, akanishika goti kwa nguvu.

"Mama, iko pale! Iko pale kabisa!"

"Iko pale."

Akafyatua. Milisav akaitazama karatasi, na nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema neno tamu. Nikangoja.

"Mbili," akasema. "Saa tisa. Samahani, binti."

"Kati ya ngapi?"

"Kumi."

"Mungu wangu, mbili!" Jagoda akasema, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wageni aliowatamani, na Milisav alikuwa tayari anapakia kirisasi kingine.