Pondu ya Siku ya Tatu

"Na hapa ndipo alipolala Mama Pélagie," Arsène aliwaambia wageni wake wanne, akiupigapiga msalaba mweupe usioandikwa kitu. "Siku ya tatu ya vita vya siku sita vya hapa Kisangani. Makombora yanapita juu ya mabati, watu wote wako chini ya vitanda, yeye anakumbuka pondu yake, mboga ya majani ya muhogo, iko motoni uani! Akachukua kitambaa, akatoka kuepua sufuria. Mkaidi huyo! Bomu moja tu."

Wageni wakatabasamu kwa huzuni, kama kawaida. Kila mmoja alikuwa na kikaratasi cha jina kifuani. Arsène aliwaandikia mwenyewe kwa kalamu nene nyeusi kila asubuhi, maana hakutaka mtu wake apotee. Miaka tisa alikuwa akiwatembeza watu wa ng'ambo kwenye makaburi na kuta zenye matundu ya risasi za Kisangani, na Mama Pélagie hakuwahi kumwangusha.

Ila Mama Pélagie hajawahi kuishi. Aliyelala pale ni Falonne, mdogo wake Arsène, msichana wa miaka kumi na sita. Wala hakuwa mkaidi, maskini. Chini ya kitanda alinusa, akamnong'oneza kaka yake, "Yaya, pondu inaungua." Na Arsène, kijana mzima wa miaka ishirini na miwili, badala ya kumshika mkono akamjibu, "Enda uitoe basi, njaa iko inaniua." Miezi kadhaa baadaye walikuja watu wa kuhamisha maiti zilizozikwa bustanini wakati wa vita na kuandika majina. Wakamuuliza huyu ni nani. Aliona aibu kusema ndiye aliyemtuma. "Sijue," akasema. Wazazi wao kule Yanonge aliwaambia Falonne alipotea watu walipokuwa wakikimbia, na wakafa wakimsubiri.

"Tonton!" Hilaire, dereva wake, alichungulia kwenye dirisha la gari. "Nani anaunguza pondu huku?"

Nyumba haikuwepo hata moja karibu. Arsène akavuta pumzi, na harufu ikamwingia puani, kali, ya majani yaliyoshika chini ya sufuria.

Bibi mzee wa Ubelgiji, mmoja wa wale wageni wanne, alikuwa amebaki nyuma peke yake kati ya misalaba. Sasa alikuja polepole, kofia mkononi. Kiswahili hakujua, hata "jambo" alifundishwa asubuhi ile ile hotelini.

"Monsieur Arsène," alisema kwa Kifaransa, "yule binti aliye nyuma yako amenituma. Amenirudishia maneno mara tatu mpaka nikaweza kuyatamka." Akafumba macho kama mtoto anayekariri somo. "Yaya, pondu inaungua. Maana yake nini?"

Arsène aliona baridi, na jua la saa sita lilikuwa utosini.

"Yukoje huyo binti?"

"Mwembamba. Ameshika kitambaa cha jikoni, amekikunja mara mbili. Nadhani anasubiri jibu."

Wageni wengine walitazama alikotazama bibi, kisha wakatazamana. Hawakuona mtu. Arsène hakuthubutu kugeuka. Aliogopa, tena aliogopa kweli, mbele ya watu. Angeweza kucheka, akasema ni watoto wa mtaani, akawapandisha garini. Maneno alikuwa nayo tele. Yalimwishia yote.

"Nimewadanganya," akasema. "Hakuna Mama Pélagie. Huyu ni mdogo wangu. Njaa ilikuwa yangu." Kisha akaacha Kifaransa, akaongea chini, uso kwa msalaba. "Falonne. Ni mimi nilikutuma. Na nilisema sikujue. Unisamehe, mudogo wangu."

Akaichomoa ile kalamu nene mfukoni. Herufi ya kwanza ilitoka kama ya mtoto wa shule, lakini aliandika, FALONNE, kutoka upande mmoja wa msalaba hadi mwingine. Hakuna mgeni aliyepiga picha. Hilaire alikuwa ameshuka garini na kuvua kofia.

"Bado yuko?" Arsène aliuliza.

"Anaondoka," bibi alisema. "Anakupungia mkono."

"Na kile kitambaa?"

Bibi alikaza macho kuelekea majani marefu ya mwisho wa makaburi.

"Hana. Mikono yote miwili ni mitupu."

Arsène hakugeuka. Macho yake yakiwa kwenye wino ambao haujakauka, aliinua mkono juu ya bega, akaupunga.