Ukikaa Inakuacha

Jumamosi ile nilikuwa nakunja mashuka kwenye duka la mashine za kufulia la Bi Vesta, kijana Lonnie alipochomoka chooni, uso umempauka.

"Bibi Opal! Tressa hapumui. Kavuta unga umemzidi."

Akakimbilia friji ya soda, akachota barafu, akarudi chooni kumsindilia binti kifuani. Huku milimani kwetu vijana wanaamini barafu humwamsha mtu. Haimwamshi, inamlowesha tu.

Nikamfuata. "Acha barafu, piga simu!"

"Siwezi. Nina kete ya unga mfukoni. Askari akinikuta nayo narudi jela. Piga wewe, mimi natoka."

Akashika kitasa cha mlango. Dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua aliyezidiwa na unga, ninayo mkobani, kanisani wanatugawia. Lakini magoti yangu yalishastaafu. Nikishuka sakafuni mniletee winchi. Nani angempa binti pumzi?

"Kitendawili!"

"Bibi, una wazimu? Sasa hivi?"

"Sema tega."

"Tega basi!"

"Ukiikimbia inakukamata, ukikaa inakuacha."

"Mbwa wa Bi Vesta!"

"Sheria, mjinga wewe! Jimboni kwetu, anayepiga simu kumwokoa mwenzake, akabaki naye na kutaja jina lake, hashtakiwi kwa kete yake ya kuvuta. Ukimkimbia, haikulindi."

Akatazama mlango. Akamtazama Tressa, midomo imeshakuwa ya bluu. Akaachia kitasa, akapiga simu. Akataja jina lote, hata la katikati alilolificha tangu shule: Lonnie Percival Skaggs. Nikamrushia dawa, akapuliza puani, kisha akawa anampa pumzi kinywani mpaka tukasikia king'ora.

Askari akatangulia kuingia. "Nani kapiga simu?"

Lonnie akainua mkono. "Mimi. Na... nina kete mfukoni."

"Iweke juu ya mashine. Haya, endelea kumshika kichwa."

Pingu zilibaki kiunoni mwa askari. Mara Tressa akakohoa, akafumbua macho.

"Nani kanijaza barafu kifuani?"

"Mimi."

"Lonnie, nitakuua!"

"Kwa hilo, dada," askari akasema, "sheria hii haitakusaidia."

Lonnie akacheka huku machozi yanamtoka. Watu wa ambulansi wakamfunika Tressa shuka langu la maua, wakaondoka naye. Nimemtumia salamu hospitali: shuka nalitaka, na alilete mwenyewe, kwa miguu yake.