Mlinzi wa Kivuko Kisichopita Treni

Kila asubuhi, akishafagia uwanja, binti wa mlinzi wa geti alimimina chai kwenye chupa, akafunga mkate kwenye kitambaa na kumpelekea baba yake kazini. Njia yenyewe ilikuwa fupi: kupita kwa fundi cherehani, kuzunguka dimbwi lisilokauka, kuvuka reli, na hapo ng'ambo kulikuwa na kibanda cha mabati alimokaa baba yake na sare yake, bendera nyekundu mkono huu, ya kijani mkono ule. Asubuhi hiyo binti alikuwa na begi pia. Alipokanyaga kokoto za kwanza za kivuko, geti likamshukia mbele ya pua.

"Haya," alisema, akatua begi chini.

Hakuna treni iliyokuwa imepita hapo tangu akiwa msichana wa shule. Nyasi zilikuwa zimeota kati ya mataruma, na mbuzi wa jirani walikuwa na mahali pao maalumu pa kulala katikati ya reli. Lakini mageti ya njia ile hayakuzaliwa yakae bure. Treni zilipokoma yalitulia kidogo, kisha yakaanza kuwashukia watu. Likikushukia, ujue una neno moyoni na unataka kulivusha kimyakimya. Ukilisema, geti linainuka. Ukisema jingine, linakungoja. Kuinama ili upenye chini hakukusaidia, kwa sababu geti nalo liliinama.

Watu walizoea, kama wanavyozoea barabara yenye mashimo. Muuza nyanya alisimamishwa hapo mpaka bidhaa ikaanza kulainika, ndipo akakiri mbele ya wateja wake kwamba nyanya za chini ya tenga huwa zimeoza. Tangu siku hiyo biashara yake ilichangamka, maana watu walijua wachague za juu. Mhubiri alipita njia ya mtoni, iliyokuwa ndefu na yenye matope, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Hata mkubwa mmoja wa ofisi ya reli aliwahi kunaswa, akiwa anapita tu na gari lake kwenda kwingine. Alipiga honi, akapiga simu, akalitajia geti cheo chake. Jua lilipomzidi akashusha kioo na kumwambia mlinzi, "Mzee, tulipofunga reli hii tulikusahau. Hakuna aliyekuja kukuambia." Geti likainuka. Mlinzi akapiga saluti na kupunga bendera ya kijani. Mkubwa akaenda zake, na huko alikokwenda akamsahau tena.

"Si alikwambia imefungwa, baba?" binti aliuliza jioni ile.

"Alinisimulia kwamba hawakuniambia. Hiyo ni hadithi, mwanangu. Mlinzi hapokei hadithi, anapokea amri."

Kwa hiyo mzee aliendelea kungoja treni ya mchana, na watu, kwa heshima, waliendelea kumuuliza kama imechelewa.

Neno alilokuwa nalo binti lilikuwa jepesi kulibeba na zito kulitamka. Alikuwa amepata kazi ya ualimu, mbali, na basi lilikuwa la siku hiyo. Kituo cha basi kilikuwa ng'ambo ya reli, kama baba yake. Kwa wiki nzima alikuwa amezunguka kwenye vivuko vilivyotelekezwa, akitafuta japo kimoja cha kumvusha bila kumuuliza. Fundi baiskeli, ambaye watu walimwita Spoki kwa wembamba wake, alimpakia kwenye keria na wakaifuata reli kutoka kivuko hadi kivuko.

Kile cha kinuni kilikuwa na kengele iliyoota kutu; ililia kama mtu anayesafisha koo, geti likashuka. Kile cha machimboni geti lake lilikuwa limefungwa na mimea itambaayo. Lilishuka taratibu pamoja na kiota, na ndege hakuacha mayai yake. Kile cha mashambani geti lilikuwa limeibwa zamani na kuuzwa chuma chakavu. Hapo palibaki kivuli chake tu, nacho kikalala barabarani, baiskeli ikagoma.

"Hili pengine ni langu," Spoki alisema, akatazama mnyororo. "Nakupenda."

Kivuli kikainuka nusu.

"Asante," binti alisema, na kwa kuwa alimaanisha, hakuna kilichoshuka zaidi. Nusu iliyobaki ilikuwa yake, na hakuisema. Waligeuza baiskeli wakarudi wakizungumzia bei ya tairi.

Sasa alikuwa hapa, mbele ya geti la nyumbani, na chupa ya chai mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Limekushukia?"

"Limenishukia."

"Basi sema. Chai inapoa."

"Leo nimepunguza sukari."

Geti lilitikisika, likatulia.

"Na lile koti lako si panya aliyelitoboa. Nililiunguza na pasi."

Mzee aligeuka kujaribu kuuona mgongo wake. "Panya mwenye umbo la pasi," alisema. "Nilijua."

Nyuma ya binti basi lenyewe, likielekea kituoni, lilikuwa limefika na kusimama. Dereva akatoa kichwa. "Dada, sema tuende! Nina abiria hapa!"

"Mwache mtoto wa watu," alisema mama mmoja kutoka dirishani. "Kama ni mimba, aiseme taratibu."

"Si mimba!"

Geti halikujali. Abiria walionekana kuvunjika moyo kidogo.

Binti alivuta pumzi. "Baba, nimepata kazi ya ualimu. Mbali. Naondoka na basi hili."

Geti likapanda hadi kifuani, likasimama.

"Nusu," mzee alisema, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. "Malizia."

"Na ninataka kwenda." Aliwatazama mbuzi, si baba yake. "Sijalazimishwa na mtu. Ninataka mwenyewe."

Geti likaenda juu lote. Binti akachukua begi na kuvuka, basi likamfuata polepole. Alikuwa amebakiza hatua chache amfikie baba yake wakati geti la pili, lile la upande wa kibanda, ambalo halikuwahi kumshukia mtu, liliposhuka kati yao. Basi likasimama juu ya reli kabisa. Abiria wakateremka ili waone vizuri.

Mzee alilitazama geti lile kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. "Mimi?"

"Mimi nimeshasema, baba."

Mzee akakohoa, akaweka kofia sawa. "Nenda salama, mwanangu. Kazi ni kazi."

Geti halikutikisika.

"Mimi nitakuwa sawa."

Geti likashuka hadi magotini.

"Nitapika mwenyewe. Napenda kupika."

Likashuka hadi kwenye vifundo vya miguu, na kondakta akashika tumbo kwa kicheko. "Mzee! Unalidanganya hata geti lako?"

"Wewe nyamaza, uko katikati ya reli," mzee alisema. "Treni ikija je?"

"Treni haiji, mzee."

"Sijaambiwa hivyo."

Mzee akatazama reli kushoto, akatazama kulia, kama alivyofanya kila siku kabla ya kumruhusu yeyote apite. Nyasi zilikuwa zimesimama wima pande zote mbili. Akavua kofia.

"Treni nitaingoja, hilo halina shida," alimwambia binti yake. "Hiyo ni kazi yangu. Lakini wewe..." Kondakta aliacha kucheka, na yule mama wa dirishani akamshika mkono jirani yake.

"Sitaki uende," mzee alisema kwa sauti, na geti likainuka mpaka juu, njia ikawa wazi.