Maji ya Kuchanganyia Saruji

Huko Muyinga, Burundi, wakazi wa kilima alichoishi mama mmoja, Gaudensia, waliomba bomba la maji. Baraza la komine, yaani tarafa yao, likaona heri kwanza wajengewe ukumbi wa kujadilia mahitaji yao, maana kiu haijadiliwi juani. Basi Jumamosi nne za kazi za pamoja Gaudensia alishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, kupeleka maji ya kuchanganyia saruji.

Ukumbi ulipokamilika, musitanteri, mkuu wa komine, akawakusanya humo awaulize wanahitaji nini.

“Bomba la maji,” alisema Gaudensia. “Kama mwaka jana.”

Musitanteri akatikisa kichwa kwa huruma. “Mama, tulifanya uchunguzi. Hapa maji iko. Jumamosi zote nne haijakosekana hata siku moja.”