Mbwa Aliyefundishwa Kuumwa

Kila Kocha alipoingia sebuleni, Risasi alijitupa chali, akainua mguu mmoja wa nyuma na kusubiri. Alikuwa mbwa mchanga, hajatimiza mwaka, masikio yamemzidi kichwa. Kocha alikunja goti lake bovu kwa taabu, akaweka vidole viwili upande wa ndani wa paja la mbwa, akafumba macho na kuhesabu mapigo. Akiridhika alisema, "Haya," na Risasi akapata kipande chake cha biskuti.

"Huyo utamhesabu mpaka aishe," mkewe alisema kutoka upande wa pili wa meza.

Maisha yake yote Kocha alifundisha watoto wa watu kukimbia. Mkimbiaji akivuka mstari, kabla hajaonja maji, alivikuta vidole viwili vya Kocha shingoni mwake. Alipostaafu nyumba ikapooza, wanawe wakamletea mtoto wa mbwa. Siku ile ile alipuliza filimbi uani, na kile kitoto kikaja mbio kisijue kusimama, kikamgonga kwenye ugoko. Kocha alicheka hadi machozi, akampa jina papo hapo, akajiona amerudishiwa ujana wake bila kuuomba.

Kisha, siku ya chanjo, daktari wa mifugo aliweka kifaa cha kusikilizia kifuani mwa Risasi, akakawia.

"Kuna sauti ya ziada kwenye moyo," alisema. "Kama maji yakipita kwenye bomba lililobana kidogo. Ni ndogo. Wapo wanaokua wakaiacha, wapo wanaozeeka nayo. Tumpige picha ya moyo tujue."

Alisema na mengine mengi, lakini Kocha alikuwa ameshika neno moyo tu. Hata picha ilipotoka bila kuonyesha hatari, yeye alisikia kwamba hatari haijafika bado. Filimbi ikatundikwa msumarini. Risasi akawa anapandishwa na kushushwa ngazi ndani ya kikapu cha nguo, mithili ya bwana harusi. Kengele ya mlango ilifungwa kitambaa, na mkewe akipiga chafya alitazamwa kwa jicho la lawama. Majirani walicheka. Kocha hakujali, maana mwenye kidonda ndiye ajuaye uchungu wake, na yeye aliogopa. Mtu aliyeamuru mamia wakimbie aliogopa mbwa mmoja asije akakimbia, akaanguka mbele ya macho yake, asinyanyuke tena.

Siku ya kurudi kwa daktari, Kocha alikwenda na mkewe, akamtoa Risasi kikapuni na kumweka juu ya meza. Daktari hakuwahi hata kunyoosha mkono. Mbwa alijitupa chali, mguu juu, shingo imelegea.

"Hili nani kamfundisha?"

"Hakuna," Kocha alisema kwa huzuni. "Anajua mwenyewe kuwa ni mgonjwa."

Daktari alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alikuwa mmoja wa wasichana waliokimbia chini ya filimbi ya Kocha, na ndiyo maana alithubutu.

"Kocha wangu, mbwa hajui ugonjwa. Anajua ukija, alale chali, apewe biskuti. Umemfundisha kuumwa. Na umemfundisha vizuri, maana wewe hujawahi kufundisha kitu nusunusu."

Mkewe Kocha alijitia kutazama dirishani, mabega yakimtikisika. Kocha alihisi uso ukimwaka moto. Daktari akasikiliza, safari hii kwa utulivu, kila upande wa kifua.

"Sauti bado ipo, haijaongezeka. Moyo unafanya kazi yake. Ila miguu imelegea, na hiki kitambi ni biskuti zako. Mwache akimbie. Akichoka atalala mwenyewe. Akianza kukohoa au kuzimia, niletee."

"Una hakika?"

"Sina hakika hata na moyo wangu," daktari alisema. "Kwani wewe ulikuwa na hakika na mioyo yetu?"

Kocha alikiokota kikapu. Njia nzima ya kurudi alibeba kikapu kitupu, na Risasi akatembea kwa miguu yake, akinusa kila nguzo kana kwamba zote zimewekwa leo.

Kesho yake asubuhi walikwenda uwanjani, wale wawili na mkewe. Nyasi zilikuwa na umande, mistari ya chokaa imepakwa upya. Mkewe alitoa filimbi kwenye mkoba. Alikuwa ameisugua ikang'aa. Kocha akapuliza.

Risasi akajitupa chali.

Akapuliza tena. Mguu ukapanda juu zaidi.

"Mwanamichezo huyo!" mkewe alisema, kiganja mdomoni.

Vidole viwili vya Kocha vilikuwa vimeshanyooka vyenyewe kuelekea pajani. Aliviona, akavikunja ngumi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu goti limsaliti: alimgeuzia mbwa mgongo, akatimua mbio. Zilikuwa mbio za aibu, kama meza inayohamishwa na mtu mmoja, na filimbi iliyobanwa menoni ililia kwa kila pumzi. Nyuma kulikuwa kimya. Alikaza mwendo.

Mara akasikia makucha kwenye nyasi.

Risasi alimpita kama hamjui. Masikio yamelala, tumbo karibu na ardhi, alikata kona ya kwanza, akateleza, akajiokota, akaikata ya pili. Filimbi ilimdondoka Kocha mdomoni.

"Vuta!" alipaza sauti iliyowahi kujaza viwanja. "Vuta, mwanangu! Kifua mbele!"

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Furaha ilimzidi nguvu, goti likakataa, naye akaenda chini chali kwenye umande, mguu mmoja hewani, akicheka peke yake.

Risasi aligeuza njia, akaja kusimama juu yake, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka. Alimtazama kwa makini. Akainamisha kichwa, akaiweka pua yake ya baridi shingoni mwa Kocha, akaiacha hapo kidogo. Halafu akapiga chafya, akarudi mbio hadi kwenye mstari wa chokaa, akageuka na kubweka.

"Kocha," mkewe aliita, "simama. Unasubiriwa mstarini."