Kurudia Agizo

Wiki ya saba tangu atolewe kwenye mnara wa uwanja wa ndege, mwongoza ndege alikuwa ameshajua kila jirani hufungua geti saa ngapi. Hakuwa mgonjwa. Alikula akiwekewa, alioga akikumbushwa, na mkewe, ambaye ni muuguzi, akimuuliza amelalaje, alijibu "vizuri" kwa sauti ile ile aliyojibia kila kitu. Barua ya kazini ilisema apumzike mpaka uchunguzi uishe. Basi akapumzika, kama kiti kinavyopumzika.

Jumamosi moja asubuhi akaja mpwa wake, binti wa dada yake, kompyuta kwapani. Huyu alikuwa fundi wa miwani, na siku zake za mapumziko alirusha ndege. Si ndege za kweli. Alikuwa na usukani wa plastiki alioufunga kwenye meza ya kulia chakula, na wenzake tisa aliokutana nao mtandaoni, kila mmoja nyumbani kwake, wakiruka pamoja ndani ya kompyuta. Walikuwa wamechoka kuelezana mambo kwa lugha ya kuazima, wakakata shauri kuandika orodha yao wenyewe ya maneno ya urubani.

"Mjomba, nakusomea, wewe unasema tulipopotoka. Maneno arobaini tu."

"Nina nafasi," akasema.

Mpwa akavuta kiti. "Ndege kuzimika angani. Ni pale ndege inapoishiwa nguvu na kuanza kuanguka."

"Injini ndiyo inayozimika. Hapa injini inaweza kuwa inanguruma vizuri tu. Umeinua pua mno, hewa haipiti sawasawa juu ya bawa, bawa likaacha kubeba."

"Tuiteje sasa?"

"Bawa kuacha kubeba."

"Refu hilo, Mjomba."

"Anayeanguka hahesabu silabi."

Mpwa akacheka peke yake, akaandika. Neno lililofuata lilikuwa la rubani anayekaribia ardhi kisha akapandisha ndege tena bila kugusa chini. Wao walikuwa wameliandika "kushindwa kutua".

"Hajashindwa," mjomba akasema. "Ameghairi. Kughairi kutua ni kazi yake. Mkiandika ameshindwa, vijana wako wataona haya, watalazimisha kutua."

"Vijana gani? Mmoja ni mwalimu mstaafu wa kemia, ana wajukuu sita."

"Huyo ndiye hasa."

Wakaenda hivyo, upepo wa ubavuni, kuzunguka kusubiri zamu, mpaka chai ikapoa bila kuguswa. Mjomba hakupandisha sauti wala kuishusha. Mpwa alimtupia jicho mara kwa mara, kama mtu anayeangalia taa asijue imeungua au imezimwa.

"Kurudia agizo," akasoma. "Rubani hurudia maneno ya mwongoza ndege, kuonyesha ameyasikia."

Mjomba akageukia dirishani. Mpwa akadhani hakusikia. "Nisome tena?"

"Hiyo ni nusu."

"Nusu nyingine ni ipi?"

"Mwongoza ndege anasikiliza yanayorudiwa. Yakiwa yamekosewa, anasahihisha. Bila hiyo ni watu wawili wanapiga soga."

Mpwa akaandika. Alipoinua macho, mjomba alikuwa anaendelea kusema, kwa sauti ile ile.

"Nilimwambia rubani wa ndege ndogo asubiri nje ya njia ya kurukia. Kulikuwa na ndege ya abiria inakuja kutua, watu tisini na wanne. Akanirudishia: naingia njiani, nasubiri. Alisema wazi kabisa. Imerekodiwa, wamenisikilizisha mara nne. Mimi nikamjibu sawa."

"Kwa nini sawa?"

"Nilisikia nilichotegemea kusikia."

Jikoni mfereji ukafungwa. Mkewe alikuwa anaosha vyombo.

"Ile ya abiria ikaghairi kutua," mjomba akaendelea. "Rubani wake aliiona ile ndogo kwa macho yake mwenyewe. Akapita juu yake kwa kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Hakuna aliyechubuka hata kidole. Nikaongoza ndege nyingine mbili, nikakabidhi kiti, nikanywa maji."

"Halafu?"

"Halafu basi. Nangoja niogope. Mpaka leo sijaogopa."

Mkewe akasimama mlangoni, mikono inachuruzika. "Wiki saba nakuuliza."

"Uliniuliza nimelalaje."

Mke akajifuta kwa kanga yake, akavuta kiti, akakaa nao, na mpwa akasoma neno lililofuata. Wakamaliza maneno yote arobaini wakiwa watatu.

Kabla ya kuondoka mpwa akasema, akiangalia viatu vyake, kwamba Jumamosi ijayo kundi lao lingeruka saa nne asubuhi na hawakuwa na mtu wa mnarani. Mjomba akasema sawa, kama ambavyo angesema akiambiwa gesi imeisha.

Jumamosi hiyo ilipofika akavaa vipokea sauti vya masikioni mezani kwa mpwa wake. Mwanzoni hakuna aliyethubutu kupiga domo. Walizoea kutaniana hewani, na sasa kulikuwa na sauti ya kazi kweli. Mwalimu wa kemia alighairi kutua mara tatu, kila mara akitangaza kwa fahari. Mjomba alimpangia zamu upya bila neno la ziada. Kisha akamwambia mwenzao mwingine, kinyozi, ashuke hadi futi elfu tatu.

"Nashuka futi elfu mbili," kinyozi akajibu.

Mpwa akamgeukia mjomba.

"Sivyo. Elfu tatu. Rudia."

"Elfu tatu. Samahani sana, mzee wangu."

"Usiombe samahani. Shuka."

Walipomaliza, mkewe, aliyekuwa amekaa nyuma yao muda wote, akaona mkono wa kushoto wa mumewe unatetemeka juu ya meza. Mwenyewe alikuwa anautazama kama mzigo wa mtu mwingine alioachiwa ashike.

"Tangu lini?" mke akauliza.

"Tangu elfu mbili."

Akauchukua mkono ule. Hakupima mapigo. Aliushika tu, na baada ya muda mume akasema, "Mikono yako ina baridi," jambo ambalo si kubwa, lakini hakuna aliyemuuliza.

Uchunguzi uliisha mwezi uliofuata. Angeweza kurudi mnarani akifaulu mtihani. Yeye akaandika barua kuomba darasa la wanafunzi wapya badala ya kiti chake. Wenzake walisema ameingia baridi, anakiogopa kiti, na hakubishana nao, maana hakujua kama ni kweli.

Siku ya kwanza darasani aliwafungulia wanafunzi kumi na wawili ile rekodi. Mara mbili hakuna aliyegundua kosa. Mara ya tatu msichana wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono. "Aliambiwa asubiri nje. Yeye kasema anaingia."

"Na wa mnarani?"

"Kamjibu sawa. Walimfukuza?"

"Hapana," akasema. "Anafundisha hapa."

Akawapanga wawili wawili, mmoja rubani, mmoja mnara, akapita katikati ya madawati akiwasikiliza mpaka muda wa chai ulipofika.